Mimi na Mkwe Wangu kwenye Meza ya Baruti

Jumamosi, jioni. Upepo tangu asubuhi, na theluji ile ya majimaji ambayo haijaamua kama ni theluji au ni mvua. Aprili inaisha na bado navaa soksi juu ya soksi.

Leo sikaliki. Nimekaa nikainuka, nimeenda dirishani nikarudi, nimefungua friji nikasahau nilikuwa nataka nini. Goti linauma na bado natembea. Basi wacha niandike, vidole navyo vichoke kidogo.

Kama umefika hapa leo tu, mimi ni bibi wa Kitale ninayeishi ughaibuni, mji wa Savage, kwa binti yangu Nafula, mume wake Wekesa na mtoto wao Imani. Shule niliiachia darasa la nne. Ukiona nimekosea kuandika, soma upite. Sikukuomba unisahihishe.

Na ndiyo, ni mimi yule bibi wa risasi. Wanawake wa kanisani wananiita hivyo wakidhani sisikii. Nasikia.

Mkwe wangu ana bunduki ya kulenga shabaha. Siyo ya kuwinda, siyo ya kutishia mtu. Jumamosi moja moja anaenda kwenye uwanja wa klabu huko nje ya mji, yeye na wazee wa Kizungu wenye kofia, wanakaa kwenye benchi na kutoboa karatasi iliyo karibu tu, wanapimana nani ametoboa katikati. Mshindi anapewa kopo la kahawa. Wanaume wazima, kopo la kahawa. Lakini Wekesa wiki nzima anageuza wagonjwa na kubadilisha mashuka kwenye nyumba ya wazee, anainama mpaka mgongo unalia, na akirudi kutoka huko kwenye shabaha anarudi akipiga mluzi. Kwa hivyo sisemi kitu.

Risasi za dukani zimekuwa ghali, kwa hivyo anatengeneza zake. Ukipiga risasi, ganda la shaba linabaki. Unaliokota, unalisafisha, unaliwekea kiwashio kipya kwenye kitako, unatia baruti, unakandamiza kichwa kipya cha risasi juu, na limekuwa risasi tena. Kazi ni hiyo, kwa maneno yangu. Msinitumie ujumbe kuniuliza baruti kiasi gani. Kila bunduki ina kipimo chake kwenye kitabu chake, na mimi si kitabu.

Mimi niliingia kwenye mambo haya wakati goti lilipopasuliwa. Majira ya baridi yote nimefungiwa ndani, nasikia mashine inanguruma gerejini. Nikamuuliza Nafula ni nini. Akasema inasafisha maganda, ndani yake kuna magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Magunzi! Wanayauza dukani kwa mfuko! Mimi nimechoma magunzi jikoni maisha yangu yote, na hapa mtu anayalipia. Nikaenda kuangalia kwa macho yangu, kwa hasira tu. Sikutoka tena.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Hampeani mkono. Hamli meza moja. Hamtazamani usoni. Akiingia, unatoka. Hata kuishi chini ya paa lake tayari ni neno, na dada yangu kule Kitale amelisema neno hilo mpaka limechakaa. Lakini Nafula aliniomba, goti lilikuwa limekataa, na chumba changu cha chini kina mlango wake. Tumejipanga. Mimi nakula kwanza au nakula baadaye. Yeye akifika mlangoni anakohoa, na mimi napata njia yangu.

Kwa hivyo kazi ya risasi alinifundisha bila kunifundisha. Alikuwa anajirekodi kwenye simu na kunitumia. Mikono yake tu, na sauti. "Mama, hapa unashika hivi. Mama, hapa usiharakishe." Uso haukuingia hata siku moja. Mimi namjibu kwa sauti: nimeona, au, sema tena polepole, unakimbizwa na nani. Mchana meza ni yangu, jioni ni yake. Hatujawahi kusimama pale pamoja. Nilikuwa naona huo ni mpango mzuri sana. Nilikuwa najisifu nao.

Jana nilikuwa natia baruti. Kuna kibao chenye matundu, unasimamisha maganda kwa safu, midomo juu. Nilianza na safu zilizo karibu na tumbo langu, nikiendelea kuelekea ukutani. Kwa vile wanapiga karibu, baruti inayowekwa ni kidogo tu, inakaa chini kabisa kwenye ganda refu. Ukitia mara mbili haimwagiki. Ganda halikwambii. Ndiyo maana Wekesa kwenye video amesema na kurudia: kabla ya kufunga, mulika kila ganda kwa tochi uangalie ndani.

Nilikuwa sijamaliza, mlango mkubwa wa gereji ukaanza kupanda. Alikuwa amerudi mapema, shifti imebadilishwa. Gereji ile ni nyembamba, gari likiingia hakuna pa kupishana. Nikachukua leso yangu nikatoka kwa mlango wa jikoni, kama ilivyo heshima. Kibao nikakiacha vile vile, nusu.

Nilikaa chumbani mpaka nikasikia anapanda juu kulala. Nikarudi. Tochi haikuwepo. Nikatafuta, hakuna. Nikaudhika. Nikasema, mimi nimepasuliwa jicho na daktari akanisifu, nitashindwa kuona kitu mbele yangu? Nikakumbuka nilipoishia, nikatia baruti kwenye safu za ukutani, nikainama chini ya taa ya dari, nikaona weusi ndani ya kila ganda, nikaridhika. Nikafunga yote. Nikazimimina risasi kwenye boksi moja na zile nilizokuwa nimetengeneza juzi. Nikaliacha boksi juu ya meza.

Nikalala vizuri. Hilo ndilo linanikera zaidi.

Leo asubuhi Nafula akapiga simu kutoka kazini kwake Inver Grove Heights, kuniuliza kama nimemeza dawa ya goti. Nimemeza. Kama nimekula. Nimekula. Halafu akiwa anaaga, kama mtu anayetupa ganda la ndizi nyuma ya bega:

"Mama, Baba Imani amesema jana alikusaidia kidogo kwa ile baruti. Usianze kumgombeza, alitaka tu usichoke."

Nikasema, alisaidia wapi? Lakini alikuwa ameshaitwa, simu imekatika. Nikapiga. Haishikwi. Akiwa na mgonjwa simu inakaa kwenye kabati.

Nikasimama jikoni na simu mkononi.

Nje nilisikia buti la gari linafungwa. Leo ilikuwa Jumamosi yake ya shabaha. Bunduki ile, ukilenga, shavu linakaa juu ya kitako chake cha mti na jicho la kulia liko karibu sana na chuma. Baruti mara mbili ikilipuka pale, chuma kinapasuka, na hakiulizi huyu ni mkwe wa nani.

Nikampigia yeye. Simu ikalia mbele yangu, juu ya kaunta, kwenye chaja. Ningeweza kumtuma mjukuu wangu Imani, alikuwa juu amelala. Lakini habari ya baruti huitumi kwa mdomo wa mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza akiwa bado amefunga macho.

Nikatoka. Na leso, na ndala, kwenye theluji.

Alikuwa amefungua mlango wa dereva, boksi la risasi mkononi. Aliponiona alitazama chini upesi, akarudi nyuma hatua kunipisha, kana kwamba mimi nilikuwa napita kwenda mahali. Nilikuwa naenda wapi na ndala?

"Baba Imani, simama hapo hapo."

"Mama, kuna baridi. Utaanguka."

"Sijaja kuulizwa baridi. Jana ulitia baruti kwenye maganda yangu?"

"Kidogo tu, Mama. Nilikuta umeacha. Nikasema nikupunguzie."

"Wapi?"

"Zile safu za ukutani. Nikaona wewe unakuja kutoka huku, mimi nikaanzia kule."

"Na mimi niliporudi nilitia hizo hizo."

Akalitazama boksi. Upepo ukawa unapeperusha leso yangu nikaishika kwa meno, mikono imekataa.

"Hukumulika, Mama?"

"Nimulike na nini? Tochi iko wapi?"

Akageuza kichwa, akatazama ndani ya gari. Tochi ilikuwa pale, karibu na usukani. Aliichukua jana kuangalia gurudumu.

Mngeniona jinsi nilivyofurahi kwa dakika hiyo kwamba kosa si langu peke yangu. Halafu furaha ikaisha, maana risasi bado zilikuwa mkononi mwake.

Akasema polepole, bado anatazama viatu vyake, "Labda nizipime kwa mizani, Mama. Iliyo nzito naitoa."

"Mizani gani? Haya ni maganda ya kuokota. Moja limetoka kiwanda hiki, lingine kile, kila moja lina uzito wa kwao. Utajuaje ni ganda au ni baruti?"

"Basi nitumie zile za juzi tu."

Hapo ikabidi niseme. "Nilizimimina pamoja."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningemjibu, na nina majibu. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Ni Jumamosi yangu moja, Mama."

Miaka yote niliyokaa kwa nyumba yake sijawahi kumsikia akilalamika juu ya kitu. Lilinichoma. Nikataka kulia, na mimi nikitaka kulia huwa nagomba.

"Na jicho la kulia una mangapi, Baba Imani? Niambie. Una akiba mahali?"

Mabega yake yakatikisika. Sijui alicheka, sijui alitetemeka. Akainama aweke boksi juu ya boneti ya gari ili mimi nilichukue kutoka pale, kama inavyotakiwa, kitu kisitoke mkono kwa mkono.

Sikungoja. Nililichukua kutoka mkononi mwake. Vidole vyetu viligusana. Vyake vilikuwa baridi kama vyangu.

Tukaingia gerejini. Yeye akabaki mlangoni.

"Mama, nenda ndani upate joto. Nitazifungua mwenyewe."

"Kila mtu peke yake ndivyo tulivyofika hapa. Vuta kiti."

Akavuta kiti. Alikigeuza kikatazama ukuta. Mimi nikageuza changu kikatazama mlango. Migongo yetu karibu igusane, na katikati ya migongo kuna heshima yote iliyobaki.

Kuna nyundo ya plastiki yenye kichwa chenye nafasi ndani. Unatia risasi ndani, unagonga kwenye gogo, kile kichwa cha risasi kinachomoka na baruti inamwagika humo humo bila moto. Mimi niligonga. Nikishagonga napitisha nyundo nyuma, yeye anamimina kwenye kikombe, anamulika, anaangalia, ananirudishia. Mwanzo tulikuwa tunakosana, natoa huku yeye anapokea kule. Baadaye mikono ikajuana.

"Mama, unagonga kama unaua nyoka."

"Naua."

Tukaenda hivyo. Kila kikombe na baruti yake kidogo, ya kufunika tu chini. Nikaanza kuwaza labda tumeharibu siku ya mtu bure. Nikaanza hata kutunga maneno ya kumwambia Nafula, kwamba mume wake ana wasiwasi kama mama mjamzito.

Halafu nikagonga moja, nikaipitisha nyuma, na nikasikia anamimina, na kumimina hakuishi.

Akaleta kikombe nyuma ya mgongo wake ili nione bila sisi kugeukiana.

"Mama."

"Nimeona."

Akamwaga ile baruti kwenye kopo la kutupa, nikagonga nyingine. Haikuwa hiyo peke yake. Zilikuja, kati ya zile nzuri, bila alama yoyote nje, zimevaa shaba safi niliyoisugua kwa magunzi mpaka inang'aa. Ningempa mtu yeyote risasi zile na kujivunia.

Nafula alirudi kutoka kazini akatukuta hivyo. Alifungua mlango wa jikoni akasimama na koti lake, mkoba begani.

"Kuna nini? Mmegombana?"

"Tunafanya kazi," nikamwambia. "Chemsha chai."

Alitazama migongo yetu, akatazama nyundo, akafunga mlango taratibu sana. Chai ilikuja vikombe viwili kwenye sinia moja. Kumbe anajua kuweka sinia moja.

Tuliponyanyuka boksi lilikuwa tupu na mashindano yao yalikuwa yamekwisha. Kopo la kahawa limechukuliwa na mzee fulani.

Sasa msianze. Najua mtaandika hapa chini kwamba mila imepitwa na wakati, bibi acha mambo ya kijijini. Nyamazeni kwanza. Heshima hiyo imenifanya niishi kwa nyumba ya mwanamume ambaye si mwanangu bila sisi kurushiana neno baya. Ni nyumba ngapi za hapa zinaweza kusema hivyo? Siitupi. Lakini jana nilitoka nikaacha kibao nusu bila alama, bila kusema neno, na nikaita huko ni kuheshimu. Naye akanisaidia kimyakimya, akaita huko ni kuheshimu. Wawili tumeheshimiana hivyo mpaka karibu tulitoboe jicho lake.

Dada yangu nitamwambia nini? Atasema nilipe kondoo kwa kugusana na mkwe. Kondoo naye anafugwa wapi, hapa Savage, kando ya takataka za majirani? Labda nitamnunulia Wekesa blanketi, naye aniletee leso, tuyamalize kwa njia yetu. Kwetu jambo kama hili linatengenezwa, halifichwi. Nitapiga simu kuuliza, na nitapigiwa kelele, na nitasikiliza.

Nimeinuka tena nikaenda gerejini kuangalia kama boksi ni tupu kweli. Ni tupu. Mara ya ngapi hii, sijui.

Tangu mchana nasikia sauti ya mlipuko ambayo haikulia. Nikioga naisikia. Nikikata sukuma wiki naisikia. Mkono wa kugonga unauma mpaka kiwiko.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini simu imelia sasa hivi. Ni video kutoka kwake. Yuko juu ya kichwa changu, kwenye chumba chao, nasikia hata sakafu inavyolia akitembea, na bado ametuma video. Nikasema, haya, tumerudi kwenye mikono.

Mwanzo ni mikono kweli. Maganda matupu kwenye kibao, midomo chini.

"Mama, kuanzia leo anayeondoka kwenye meza anarudisha baruti yote kwenye chupa, anageuza maganda kichwa chini, hata kama anaitwa na moto. Na tochi nimeifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Haiendi kwa gari tena."

Halafu simu ikayumba, nikaona dari, nikaona taa, na uso wake ukaingia. Hakutazama kamera, macho yako chini, adabu yake iko pale pale. Akasema, "Asante kwa kutoka na ndala, Mama," akazima.

Nimeirudia. Nimeisimamisha pale uso unapoingia, nikaikuza kwa vidole kama Imani alivyonionyesha, nikatazama kwa lile jicho langu lililopasuliwa.

La kulia lipo. La kushoto lipo.

Nafikiri sasa naweza kukaa chini.